Ndege ya karatasi: ati nyepesi ndo yaenda mbali? Tumepima kwa ukumbi hapa Tudor, njooni tuzungumze

Baba_wa_Tudor

Hamjambo wadau. Nimekuja na jambo ambalo limenikosesha usingizi siku tatu na naomba msilione dogo kwa sababu ni la watoto. Binti yangu yuko gredi ya 7, klabu yao ya sayansi wameambiwa kila mmoja aunde ndege ya karatasi na aeleze kwa nini yake imeenda mbali ama haikwenda. Karudi nyumbani amenuna hata chai hataki. Kumbe ameambiwa mbele ya wenzake kwamba ndege ikiwa nyepesi ndo yaenda mbali, basi, na ile klipu ya kubania karatasi aloibana puani pa ndege ni makosa aitoe. Yeye yuwaniapia kwamba bila klipu haikuwa ikiruka, ilikuwa yajirusha juu yasimama yaanguka. Nikamwambia binti, mamangu, tusibishane na mtu, twende tukapime.

Mjomba wake ndo ana funguo za ukumbi mmoja wa harusi, Jumamosi asubuhi hauna mtu mpaka wapishi waje na masufuria yao. Tukafunga madirisha ya upande wa bahari maana kusi saa hizi yavuma kweli kweli, tukazima pangaboi zote, tukalaza ile futi ndefu ya fundi wa mjengo sakafuni kuanzia mlangoni mpaka jukwaa la bibi harusi. Uzito ndo ulitupa kazi. Mizani ya jikoni ukiweka klipu yaandika sufuri tu haioni kitu, nikakumbuka sonara wetu Mji wa Kale mizani yake ya dhahabu yasoma mpaka vijisehemu vya gramu, tukamwendea na bahasha ya ndege za karatasi. Mzee wa watu aliweka kando mkufu aliokuwa akiupima akatupimia moja moja bila haraka, Mungu amlipe. Karatasi ya fotokopi ya A4 ilikuja karibu gramu 5 na klipu ndogo karibu nusu gramu. Na binti akagundua mwenyewe kwamba hata bila mizani tungejua ile ya karatasi, kwa sababu rimu imeandikwa gramu 80 kwa mita mraba, na karatasi 16 za A4 ndo zatimia mita mraba moja, sasa 80 gawanya kwa 16 wapata 5.

Haya, matokeo. Karatasi moja mkunjo mmoja, ule wa mshale ambao sote tuliufanya shuleni, binti anasimama kigae kilekile anaitupa polepole kutoka begani, mara 10 kila hali. Ikiwa tupu ilikuwa yaenda mita 6 au 7, yainua pua yasita hewani yaporomoka, halafu yainuka tena kidogo kabla ya kugusa chini. Klipu 1 puani, mita 11 zimenyooka, kuna moja ilipita 12. Klipu 2 puani yaenda kwa kasi lakini yatua kwenye 9. Klipu 4 yapiga mbizi, mita 4 kwisha. Sasa hii ndo ilonimaliza: klipu ileile 1 tukaitoa puani tukaibana mkiani, ilijipindua kichwa nyuma ikaanguka mita 2 mbele ya miguu yake.

Nusu gramu ni nusu gramu. Puani yakaribia kuongeza umbali mara mbili, mkiani yaua. Kwa hivo jibu haliwezi kuwa "nyepesi" wala "nzito". Lakini Jumatatu mtoto aenda kusimama mbele ya darasa na mimi sina maneno ya kumpa. Nisaidieni.

Mkoba_wa_Makadara

Ami pole lakini mi naona huyo aliyemwambia yuko sawa, kitu kizito huanguka, hilo hata mtoto mdogo ajua. Tupa unyoya na utupe jiwe uone lipi litakaa hewani.

Baba_wa_Tudor

Ndugu yangu sikupingi lakini jiwe pia ukilitupa kwa nguvu laenda mbali kuliko unyoya. Unyoya utautupa uishie hapo hapo usoni pako. Sasa nyepesi imesaidia nini hapo?

Nahodha_Babu

Wanangu nimesoma nikatabasamu. Mimi nimefanya kazi majahazini tangu kijana, Lamu na Mombasa, tukichukua boriti na chokaa, na haya mnayoyaita ya ndege sisi twayajua kwa jina la farumi. Chombo kitupu hakisafiri. Ukimaliza kushusha shehena huondoki hivi hivi, watia mawe ama mchanga chini ngamani, ndo chombo kipate kukaa majini na tanga libebe. Mtu wa bara akiona mwatia mawe ndani ya jahazi atashangaa, atawauliza kwani mwataka lizame?

Lakini kutia tu haitoshi, yataka ujue wapi. Ukizidisha tezi, yaani nyuma, omo la mbele lanyanyuka juu na chombo hakisikii usukani. Ukizidisha omo, chombo chatia kichwa majini kila wimbi chanywa maji. Nahodha wangu alikuwa akisimama pwani kabla ya kung'oa nanga anaangalia tu vile chombo kimekaa, akisema sogeza magunia 3 mbele, twasogeza. Magunia ni yaleyale, hakuna lililoongezeka wala kupungua. Huyo binti mwambieni klipu yake ni farumi, na ameitia omo mahali pake. Mwambieni na mimi nampa heko.

Baba_wa_Tudor

Babu shikamoo. Nimemsomea mara mbili. Amechukua kalamu akaandika FARUMI kwa herufi kubwa juu ya daftari.

Mwl_wa_Fizikia

Marahaba kwa mwenye uzi, maana watu wachache hupima kabla ya kubishana. Mimi nafundisha sekondari huku Kisauni, wacha nijaribu kuyafunga haya ya Babu na ya darasani.

Anza na jaribio la vidole viwili. Beba ile ndege kwa chini, ncha ya kidole kimoja kila bawa, sogeza mbele nyuma mpaka ikae bila kuinama upande wowote. Hapo ndo kitovu cha uzito, weka alama ya kalamu. Halafu bana klipu puani urudie, utaona alama imesogea mbele kama upana wa kidole. Hicho kidole kimoja ndo tofauti ya mita 6 na mita 11.

Sasa kuna kitovu kingine ambacho huwezi kukishika kwa vidole, mahali ambapo nguvu ya hewa inayonyanyua mabawa ni kama imekusanyika. Ikiwa uzito uko nyuma mno, hewa yasukuma mbele ya uzito, pua yapanda, mabawa yakasimama kama ukuta mbele ya hewa, kasi yaisha, ndege yaporomoka. Ikishuka yapata kasi tena, yapanda tena, ndo yale mawimbi binti aliyaona. Uzito ukiwa mbele mno, hewa yainua mkia, pua yaelekea chini na hakuna cha kuirudisha. Katikati ya hayo kuna nafasi ndogo ambapo ndege yajirekebisha yenyewe, na hii ndo sehemu mimi hunipendeza kuliko zote. Kwa bawa bapa kama la karatasi ile nguvu ya hewa haikai pahali pamoja, pua ikipanda yenyewe yarudi nyuma, mkia wasukumwa juu, pua yashuka. Pua ikishuka kupita kiasi nguvu yasogea mbele, pua yapanda. Hakuna rubani hakuna injini, karatasi tupu yajiendesha.

Na si mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, mmoja wao Leif Ristroph, walichapisha utafiti wa jambo hili hili, wakachukua vibamba bapa vyepesi wakawa wahamisha uzito kidogo kidogo kutoka katikati kwenda mbele wakiangalia vinavyoshuka. Uzito katikati kinayumba kama jani la mwembe. Uzito ukingoni kabisa kinapiga mbizi. Ukiuweka kati ya hapo na hapo kinateleza vizuri. Binti yako amepata mpangilio uleule kwa klipu na ukumbi wa harusi.

Dogo_wa_Likoni

Mwalimu shikamoo naomba kuuliza, kama uzito wa mbele wasaidia basi kwa nini ile ndege ya kawaida ya mshale bila klipu huruka hata kidogo, si ingekuwa yayumba kama jani kama hicho kibamba

Mwl_wa_Fizikia

Marahaba mwanangu, hilo ni swali zuri sana. Kunjua ndege yako uangalie. Puani una tabaka ngapi za karatasi? Kwenye mshale zile pembe mbili zakunjwa ndani, halafu zakunjwa tena, mpaka mbele karatasi zimelaliana nyingi na mkiani iko moja ama mbili. Yaani mikunjo yenyewe ndo farumi. Aliyebuni ule mshale amehamisha uzito mbele bila kuongeza hata punje. Ndo maana mikunjo yenye pua nene, ile unayokunja ncha ndani, mara nyingi haihitaji klipu kabisa, na mshale mwembamba wahitaji.

Mkoba_wa_Makadara

Hapo nimeelewa na nakubali. Lakini bado nina swali, hayo yote ni ya mahali pa uzito. Uzito wenyewe je? Tuseme nimechukua manila, ile karatasi nene, badala ya fotokopi, mkunjo uleule, kitovu kiko palepale. Itaenda mbali ama karibu?

Baba_wa_Tudor

Swali lako limetutoa nyumbani tena kaka. Jana jioni tumerudi ukumbini. Kwanza tulichukua ile ndege yenye klipu 1 puani tukaongeza klipu 2 pale pale kwenye alama ya kalamu, yaani kitovuni, ili mahali pasibadilike. Aliitupa polepole kama siku zote ikashuka haraka ikatua mita 8. Akakata tamaa. Nikamwambia hebu itupe kwa nguvu. Wallahi ilienda ikagonga pazia la jukwaa. Ile nyepesi alipoitupa kwa nguvu ileile ilipanda juu ikatikisika ikarudi, haikufika hata nusu ya ukumbi. Manila nayo vilevile, polepole yaanguka kama kofi, kwa nguvu yaenda kama mshale kweli.

Mwalimu tueleze hii maana sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi.

Mwl_wa_Fizikia

Hujachanganyikiwa, umefika penyewe. Ndege yoyote ili ikae hewani nguvu ya kunyanyua lazima itoshe uzito wake, na nguvu hiyo yakua na kasi mara kasi. Ukiongeza uzito mara 4, kasi inayohitajika ni mara 2. Ukiongeza mara 2, kasi ni kama mara 1.4. Kwa hivo ndege nzito ina kasi yake inayoitaka, usipoipa kwa mkono itaitafuta yenyewe kwa kushuka, na ukiwa umeitupa kutoka begani hakuna nafasi ya kushuka, yakutana na sakafu. Ukiipa ile kasi basi yatulia.

Kitu ambacho wengi hawaamini ni kwamba pembe ya kuteleza haibadiliki kwa uzito. Tuseme ndege yako yasonga mita 5 kila ikishuka mita 1. Ukiiongezea uzito kitovuni bado itasonga zile 5 kwa kila 1, ila itazimaliza upesi zaidi. Marubani wa ndege zisizo na injini kwenye mashindano wajua hili, hujaza maji kwenye mabawa makusudi ili waende kasi siku ambayo hewa yapanda vizuri, na kabla ya kutua wayamwaga. Maji Babu, farumi ya maji.

Halafu kuna jambo la pili, kitu kizito kikishapata mwendo hewa hukisumbua kidogo. Ndo jiwe lako na unyoya. Hewa yapunguza kasi ya ndege nyepesi mara moja, ile nzito yaendelea nayo. Kwa hivo ukitaka umbali na una mkono wa nguvu, usikimbie uzito. Ukitaka ikae hewani muda mrefu ndani ya chumba kwa kutupa taratibu, hapo wepesi ndo mzuri kwa sababu yashuka polepole. Mashindano ya umbali na ya muda ni vitu viwili tofauti, na nahisi aliyemkosoa binti alichanganya haya mawili.

Bi_Kongowea

Naongezea kitu wapendwa. Kijana wangu apenda hizi habari akanionyesha. Rekodi ya dunia ya umbali mwaka 2012 ilikuwa mita 69.14, ndege alibuni John Collins wa Marekani lakini hakuitupa yeye, alimtafuta Joe Ayoob aliyekuwa mchezaji wa mpira wao wa Marekani, yule anayerusha mpira, ndo amtupie. Yaani mkono ulitafutwa. Halafu Desemba 2022 kina Dillon Ruble na Garrett Jensen na mwenzao wakaipeleka mita 88.318 huko Indiana, hao wawili ni wahandisi wa ndege, na karatasi walotumia ni A4 ya gramu 100 kwa mita mraba si hii ya 80 tunayouziwa dukani. Kanuni zenyewe haziruhusu nzito kuliko hiyo, na wao wakachukua nzito kabisa inayoruhusiwa. Kama nyepesi ndo yaenda mbali si wangechukua karatasi ya daftari?

Baba_wa_Tudor

Bi Kongowea umenipa dawa. Piga hesabu 100 gawanya 16, gramu 6.25. Kwa hivo ndege iloshika rekodi ya dunia ni nzito kuliko ya binti yangu na klipu yake juu, maana yetu ni 5 na nusu. Hii aenda kuisema Jumatatu.

Dogo_wa_Likoni

je nikikata karatasi nusu nitengeneze ndogo si itakuwa nyepesi gramu 2 na nusu, itahitaji kasi ndogo?

Mwl_wa_Fizikia

Hapana mwanangu, kwa sababu umekata na bawa pia. Kinachohesabika ni kila kipande cha bawa chabeba uzito kiasi gani. Nusu uzito kwa nusu bawa ni mzigo uleule. Ndogo ya karatasi ileile yataka kasi karibu sawa na kubwa, ila hupoteza mwendo mapema. Ukitaka kubadilisha mzigo wa bawa badilisha unene wa karatasi, ama ongeza klipu, ama kunja mabawa yawe mapana zaidi kwa karatasi ileile.

Abiria_wa_Lamu

Mimi si mtu wa sayansi lakini nimewahi kupanda ndege ndogo kwenda Lamu, kabla ya kupanda mizigo imepimwa, tumekaa kila mtu na kiti chake, kisha kijana akaja akaniambia mzee naomba uhamie mbele. Nilidhani nimekosea kiti, nikaona kidogo ni dharau maana nilikuwa nimechagua dirisha. Leo ndo nimeelewa nilikuwa klipu.

Nahodha_Babu

Hukudharauliwa mwanangu. Na mimi hata mjumbe wa serikali nilikuwa nikimhamisha akikaa vibaya.

Fundi_wa_Bamburi

Kuna kitu hamjakitaja na hapa kwetu ndo muhimu kuliko hata klipu: unyevu. Hewa ya Mombasa ni maji matupu. Acha rimu wazi usiku mmoja dirishani asubuhi karatasi imelegea kama chapati. Karatasi hunywa unyevu wa hewani, yaongezeka uzito kidogo lakini ubaya si huo uzito, ubaya ni mabawa yanainama na mikunjo yafunguka, bawa moja laja juu jingine laenda chini na ndege yapinda. Watu husema imekuwa nzito, kumbe imekuwa laini. Nyinyi mkipima Jumamosi asubuhi na mkapima tena jioni mwaweza kulaumu klipu kwa kosa la hewa.

Baba_wa_Tudor

Fundi umesema kweli tupu. Nilikuwa sijawaambia, zile ndege za Jumamosi tulizirudia jana na ile yenye klipu 1 haikufika 11, ilikuja 9 na ikawa yapinda kulia. Binti akaniambia baba tumeharibu. Akaunda nyingine kwa karatasi ya katikati ya rimu iliyokuwa bado imefungwa na nailoni, ikarudi 11. Sasa ametia ndege zake zote ndani ya lile boksi la plastiki la kuwekea biskuti na kifuniko chake, na kila moja ina uzito wake umeandikwa bawani, na alama ya kalamu pale vidole vilipokaa.

Amepanga atakavyosema. Ataanza na ile tupu, atatupa. Halafu klipu puani, atatupa. Halafu klipu ileile mkiani, atatupa, na kabla hajaeleza lolote atawauliza wenzake uzito gani umebadilika. Nilimwambia asianze na kusema fulani alikosea, aanze na ndege. Amekubali.

Mwl_wa_Fizikia

Mwambie atupe yeye mwenyewe zote tatu, asimpe mwenzake hata mmoja. Mkono ukibadilika jaribio limekwisha.

Dogo_wa_Likoni

mi sina klipu nimetumia pini za stepla, nimepiga 4 puani. Nimetupia kwa korido ya nyumba, bila pini ilikuwa hatua 8, na pini hatua 13!! lakini kila mara yaenda kushoto yagonga mlango wa jirani, nitoe pini za upande mmoja?

Baba_wa_Tudor

Usitoe pini kwanza. Ishike kwa nyuma ufumbe jicho moja uangalie mabawa kama yako sawa, naona la kushoto limelala chini kuliko la kulia. Linyooshe liwe sawa na mwenzake utupe tena. Ikiwa bado yaenda kushoto, kunja ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto chini kidogo sana, kama unene wa kucha tu. Na umuombe jirani radhi.

Dogo_wa_Likoni

lilikuwa la kushoto kweli. hatua 15 sasa na imenyooka